Sauti Chini ya Bao

Mzee Zedekiah Musyoka alikutwa chali sebuleni kwake Jumapili mchana, suti ya kanisani bado mwilini, damu ikimtoka kisogoni na kulowesha zulia. Kigoda kilikuwa kimepinduka kando yake. Televisheni ilikuwepo, redio ilikuwepo, simu yake ilikuwa mfukoni. Kilichokosekana ni gemu.

"Gemu gani?" Inspekta Syombua aliuliza.

"Ile ya kushika mkononi, Afande," Sajini Njogu alijibu. "Ya kucheza mpira. Binti yake alimtumia kutoka Uingereza."

"Mzee wa kanisa? Umri huu?"

"Huyo huyo. Wanasema mtaani hakuna kijana anayemfunga."

Syombua hakucheka. Majeruhi alikuwa tayari ndani ya ambulensi, na wizi wa nyumbani ukishaingia damu hubadilika jina. Aliikagua nyumba. Ilikuwa moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa baraza la jiji, nyuma ya Jogoo Road, ukuta kwa ukuta, ambapo jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitini. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo, majirani walieleza, hukaa chini ya chungu cha maua, na hakuna asiyejua.

Aliyemkuta Mzee wa kwanza alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, Norah Aluoch, kiongozi wa akina mama katika kanisa lao. Alikuwa ameketi kizingitini, mikono ina damu, midomo ikitembea kwa sala. Kitambaa chake cheupe cha kichwani ndicho kilichofungwa kwenye jeraha la Mzee. Kelele zake ndizo zilizowaleta watu.

Syombua alimtazama akamwona mama yake mzazi. Akamletea maji, akamwambia apumzike, maelezo yake yatachukuliwa siku nyingine. Mama wa namna ile polisi humpa pole, hawamhoji. Ndivyo Syombua alivyofikiri, na hakujiuliza mara mbili.

Jumatatu asubuhi binti wa Mzee, Kavinya, alipiga simu kutoka Uingereza. Alikuwa amelia usiku kucha lakini alieleza mambo kwa utaratibu.

"Inspekta, hizo gemu zimeongezewa mambo majuzi. Zamani ilikuwa kucheza tu. Sasa ukiweka ile apdeti mpya, ina intaneti kama simu. Unaona nani yuko hewani, mnaongea mkicheza, unasikiliza nyimbo. Na inajirekodi."

"Inajirekodi vipi?"

"Ukifunga bao zuri, unafinya kitufe kimoja, inahifadhi zile dakika zilizopita. Picha na sauti. Hata sauti za watu walio chumbani. Halafu inaingia kwenye albamu ya marafiki, wote mnaiona. Ya Baba niliifungua kwa jina langu, kwa hivyo mimi naona kila kitu kwenye simu yangu."

"Na umeona nini?"

"Jana jioni kuna kipande kimeingia kutoka gemu ya Baba. Wakati huo Baba alikuwa hospitali."

Syombua alisimama bila kujua amesimama. "Kitume."

Kilikuwa kifupi. Picha ilionyesha orodha ya vitufe tu, ikirukaruka kama ya mtu asiyejua anachotafuta. Kisha sauti ya mtoto, karibu kabisa:

"Dani, unafinya vibaya. Hiyo si ya kufuta. Dani, hiyo ndiyo ya kurekodi, itatuskia..."

Hapo kikakatika.

"Kuna kingine kwenye albamu?" Syombua aliuliza.

"Hapana. Kilikuwepo kimoja Jumamosi, lakini Baba alikifuta jioni hiyo hiyo. Niliona taarifa tu, sikuwahi kukiona."

Hilo la pili Syombua hakulitilia maanani. Masikio yake yalikuwa yamejaa lile jina. Alimchezea Njogu kipande kile, na kabla hakijaisha Njogu alikuwa anatikisa kichwa.

"Dani namjua, Afande. Daniel Kivuva, mtoto wa Muthoki, safu ya pili. Ni fundi wa waifai. Jumamosi alikuwa kwa Mzee akimwekea mitambo."

Alama za vidole zilizochukuliwa sebuleni, zikiwa zimelinganishwa na za vitambulisho, zililetwa kabla ya saa sita. Kwenye rafu kulikuwa na za Daniel. Kwenye meza kulikuwa na za Daniel. Syombua alihisi raha ile ya kazi inayojimaliza yenyewe, na kwa kweli alijisifu kidogo. Mwizi alikuwa amejirekodi mwenyewe kwa kitu alichokiiba.

Walimkamata mchana, penye mfereji wa maji, saa ambayo nusu ya mtaa ilikuwa kwenye foleni na mitungi. Daniel alikuwa anambebea mama yake ndoo. Njogu alimtia pingu, maji yakamwagika, simu zikatolewa mifukoni zikaelekezwa kwake. Muthoki alishika shati la mwanawe mpaka kifungo kikang'oka.

"Amefanya nini?" Muthoki aliuliza. "Niambieni amefanya nini."

"Utajua kituoni," Syombua alimjibu.

Katika chumba cha mahojiano Daniel aliketi wima, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

"Jina?"

"Daniel Kivuva."

"Wanakuitaje?"

"Dani. Mtaa wote."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Nani alikuona?"

"Madam, nani huangalia mtu akilala? Mathe alikuwa church."

"Alama zako ziko nyumba nzima ya Mzee Musyoka."

"Si nilikuwa huko Saturday. Niliweka waifai, nikamwekea na ile apdeti. Nikanywa chai. Aliniwekea hadi mkate."

Syombua alimchezea kipande. Daniel alisikiliza akikunja uso.

"Mtoto huyo ni nani?"

"Sijui. Watoto wote wa mtaa huskika hivyo. Kwetu hakuna mtoto."

"Anakuita Dani."

"Hata mimi nashangaa."

"Anakwambia unafinya vibaya."

"Sasa hapo ndio mjue si mimi. Hiyo kitu niliiset mwenyewe. Nifinye vibaya aje?"

Njogu aliguna, karibu acheke. Syombua alimtupia jicho akanyamaza. Lilikuwa jibu la haki kabisa, la mtu mwenye akili timamu, na inspekta mzima alilipita kama hakulisikia.

Daniel akainama mbele. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Madam, nimepata job. Dereva wa basi la shule, huko Njiru. Wamebakisha tu cheti cha tabia njema cha polisi, niliomba juzi. Mkinipeleka korti ya Makadara kesho na hiyo maneno ya wizi wa kimabavu, job imeenda. Na si hiyo peke yake. Nani atawahi kunipa watoto wao niwaendeshe?"

"Ungefikiria hayo mapema," Syombua alisema, akatoka.

Alikwenda hospitali kupata neno moja la mwisho la kukazia faili. Mzee Zedekiah alikuwa ameamka, kichwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi. Syombua alimwamkua kwa Kikamba. Mzee aliitikia vizuri, akauliza kwao ni wapi, akasema anawajua watu wa huko.

"Mzee, nani alikupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Nilianguka."

"Ulianguka vipi?"

"Nilitoka kwenye jua nikaingia gizani. Macho yangu haya unayaona. Nikashtuka, nikarudi nyuma, kigoda kikaninasa."

"Ulishtushwa na nini?"

"Na uzee."

"Na gemu? Ilitoka nje kwa miguu yake?"

Mzee alitazama dirisha. Syombua akakumbuka lile la binti yake, akalitupa tu, kwa kukosa jingine.

"Kavinya anasema Jumamosi ulifuta kitu kwenye albamu."

"Nilifungwa bao la aibu. Nikalifuta."

Syombua akatoa simu, akamchezea kile kipande cha Jumapili. Sauti ya mtoto ilipoanza, mikono ya Mzee iliacha kucheza na shuka.

"Rudia."

Alirudia. Mzee alifumba macho.

"Siijui sauti hiyo," alisema.

"Si kitu. Tumeshamshika mwenyewe. Daniel Kivuva."

Mzee alijaribu kuinuka, nesi akaja mbio kumlaza. "Daniel wa Muthoki? Mwachilie. Siye."

"Basi ni nani?"

"Nimesema siye."

"Ukinificha, kijana huyo kesho yuko mbele ya hakimu."

Machozi yalimtoka yule mzee, hakuyafuta.

"Umeshaongea na Norah?" aliuliza hatimaye.

"Bado. Nilimwacha apumzike."

"Nenda uongee naye. Leo. Nenda polepole."

Syombua alidhani Mzee anamwonea huruma mwanamke mwenye mshtuko. Alitoka hospitali amekasirika. Alikuwa na sauti, alama na mtu ndani, na sasa mwenye mali anamwambia mtu siye. Aliendesha hadi mtaani huku akijibishana na Mzee moyoni, na kila mara Mzee alimshinda.

Norah alimkaribisha kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, vitambaa vya kufuma kila kiti. Ukutani palikuwa na picha ya kijana aliyevaa tai.

"Huyo ni Sylvance, mwanangu wa kwanza," Norah alisema akimimina chai. "Yuko Qatar. Ameniachia mtoto wake ninamlea."

"Mungu amzidishie."

"Amina."

Juu ya kabati, kando ya redio, kulikuwa na gemu nyingine ya mkononi. Syombua aliinuka akaitazama. Ilikuwa kuukuu. Pembe yake moja ilikuwa imeyeyuka kidogo, kama iliyokaa karibu na moto, na kifuniko cha nyuma kilikuwa cha rangi nyingine.

"Ya mjukuu?"

"Ya Lorine. Baba yake alimletea. Alimtumia, yaani."

Syombua alirudi kuketi. Akaanza kuchukua maelezo. Ibada iliisha, Norah alirudi nyumbani, akasikia kishindo, akaingia kwa jirani, akamkuta Mzee chini. Alisimulia vizuri, bila kubabaika, kama mtu aliyekwisha kusimulia peke yake mara nyingi.

"Mzee alirudi na nani?"

"Peke yake. Alibaki nyuma na wazee wenzake."

"Na wewe hukubaki kuwasalimia watu?"

"Jumapili hiyo nilitoka mapema. Kichwa kilikuwa kinauma."

Mlango ulifunguliwa. Msichana wa shule ya msingi aliingia, begi mgongoni, soksi zimeshuka.

"Dani, nimerudi. Chai iko?"

"Iko, nyakwara. Vua viatu," Norah alimwitikia mjukuu wake.

Kikombe cha Syombua kilikuwa kimefika karibu na mdomo. Kilibaki hapo. Sauti ilikuwa ile ile, yenye kuvuta neno la mwisho kidogo.

"Amekuitaje?" Syombua aliuliza.

Mtoto ndiye aliyejibu, kwa heshima, kama anayemfundisha mgeni. "Dani. Ni shosho, nyanya yangu, kwa Kijaluo. Nyinyi mnasema aje?"

"Susu," Syombua alisema. "Kwetu tunasema susu."

Aliweka kikombe chini. Miaka yote aliyoishi Nairobi, kazini na Wajaluo, akila nao na kuzikana nao, hakuwahi kujua neno ambalo mtoto yeyote wa jirani angemwambia bure. Hakuuliza. Alisikia jina, akaenda mferejini na pingu. Aibu ilimshika, na mbele ya macho yake alikuwa anaiona ndoo ya Muthoki ikimwagika.

"Lorine," Norah alisema taratibu, "nenda ukacheze kwa..."

Alitaka kusema kwa Muthoki. Ndiko mtoto alikozoea kwenda. Jina likamkwama.

"Nenda nje kidogo," alimalizia.

Mtoto alitoka na mkate wake. Syombua alisubiri mlango ufungwe.

"Mama, huna lazima ya kusema lolote. Ukisema, nitaandika, na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Gemu ya Mzee iko wapi?"

Norah aliinuka akaenda jikoni. Syombua alimfuata. Chini ya meza kulikuwa na ndoo yenye mfuniko. Norah aliifunua. Gemu ilikuwa chini kabisa, ndani ya maji, imelala kama samaki.

"Niliitia maji," Norah alisema. "Nilifikiri sauti itakufa."

"Sauti ya nani?"

"Yangu."

Waliketi hapo hapo jikoni, juu ya stuli mbili ndogo. Norah alikuwa anaitazama ndoo.

"Lorine hucheza na Mzee. Kila mmoja nyumbani kwake, wanapigiana kelele ukutani. Jumamosi akamfunga Mzee bao. Akafurahi, akaja kunionyesha. 'Dani, ona, siku hizi inarekodi, nimemtumia Mzee ajione.' Nikaangalia. Mpira unaingia wavuni, watu wanashangilia, na chini ya kelele hizo nikasikia mtu anaongea. Nikasema, huyu ni nani? Ni mimi. Nilikuwa kwa simu, nimeketi nyuma ya mtoto. Ya mtoto nilimwambia aifute; ya Mzee ilikuwa imeshaenda."

"Uliongea na nani?"

"Na Sylvance."

"Ulisema nini?"

Norah alivuta kanga yake mabegani. "Nilimwambia atoke huko jaani apumzike hata Jumapili, ule moshi utamuua. Na akitaka kumwona mtoto aje jioni kwa njia ya nyuma, watu wasimwone."

Syombua hakuelewa mara moja. "Jaani?"

"Dandora, mwanangu. Sylvance hayuko Qatar. Hajawahi kupanda ndege. Anaokota taka Dandora. Hata hiyo gemu ya mtoto aliitoa kwenye jaa, akaipeleka kwa fundi, akaifuta kwa mate na shati lake. Na mimi nikamwambia mtoto imetoka Qatar."

Nje Lorine alikuwa anaimba.

"Kanisani nilisimama nikasema Qatar," Norah aliendelea. "Alikuwa kweli aende. Wakala akawadanganya, akapotea na kila kitu. Lakini nilikuwa nimeshasimama, wameshanipigia makofi. Tangu hapo kila Jumapili Mzee huombea walio mbali, na humtaja. 'Sylvance wetu aliye Qatar.' Nilikuwa nasema amina."

"Na Jumapili hii?"

"Jumapili hii akasema, 'Sylvance wetu, popote alipo.'"

Alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo.

"Popote alipo. Nikajua ameisikia. Nikaona ananivua nguo mbele ya watu pole pole, kwamba Jumapili ijayo ataongeza neno lingine. Nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Ufunguo naujua ulipo. Nilikuwa nimeishika gemu mkononi Mzee alipoingia. Sikumgusa, nakuapia. Aliona kivuli tu, akarudi nyuma. Nikasikia kichwa kikigonga sakafu."

"Ukafanya nini?"

Hapo ndipo Norah alipofunika uso.

"Nilimruka. Nilimruka mtu wa Mungu anatoka damu, nikaja kwangu, nikaficha kile kitu kabatini. Nikanawa uso. Halafu nikarudi, nikapiga kelele kama mtu aliyefika sasa hivi. Watu wakanisifu kwa kile kitambaa. Jioni nikamwambia mtoto Mzee ametuachia tumtunzie, nikajaribu kufuta, nikashindwa, nikaitumbukiza majini."

"Na Daniel?"

"Nilikuwa kwenye foleni ya maji mlipomchukua."

Syombua alimtazama. Alikuwa hakumbuki kumwona. Alikuwa anaangalia pingu.

"Niliona Muthoki anavyovuta lile shati. Nikasema moyoni watamwachilia, hana makosa, watamwachilia. Nikachukua mtungi wangu nikaja nyumbani."

Kulikuwa na jambo moja Syombua alilopaswa kumwambia, na lilimuuma kulisema.

"Mama, sauti haikai ndani ya mashine siku hizi. Ungeichoma, ungeizika, ingebaki mtandaoni. Lakini haikuwepo. Mzee aliifuta Jumamosi jioni, mara tu alipoisikia. Binti yake mwenyewe hakuwahi kuiona."

Norah aliinua uso.

"Aliifuta?"

"Aliifuta. Nafikiri alishindwa kusema Qatar mbele za Mungu, na alishindwa kukutaja. Kwa hivyo akasema popote. Leo pia nimemhoji na hakukutaja. Amesema alianguka."

Mwanamke yule hakulia kwa sauti. Alitikisika tu, mikono imebana kanga, mdomo wazi. Syombua alikaa naye. Yeye pia alikuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Kituoni, alipoanza kuandika maelezo rasmi, Norah alimshika mkono.

"Andika nilikuwa na tamaa. Andika niliitaka gemu kwa ajili ya mjukuu. Wizi tu. Dandora usiiandike."

"Siwezi, Mama."

"Nitafungwa, sijali. Wacha niwe mwizi."

"Nikiandika tamaa, watauliza nani alikwambia kuna kitu cha thamani mle ndani. Watamtafuta aliyekiweka. Watarudi kwa Daniel. Sababu ikiwa ya uongo, jina lake halisafiki."

Norah aliachia mkono wake. Akakubali. Kila neno lilipoandikwa alilitazama, na lilipofika neno jaa aliinamisha kichwa.

Daniel alitolewa seli jioni. Muthoki alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu mchana, kile kifungo cha shati bado kiganjani. Syombua alisimama mbele yao. Alikuwa ametunga maneno njiani, yakamwishia.

"Nilikosea," alisema. "Nilisikia jina nikakimbia nalo. Uliniambia ukweli ukiwa umeketi mbele yangu, na mimi nikakujibu vibaya. Hakuna kesi. Hakuna kitakachokwenda Makadara. Cheti chako kitatoka safi, nitakifuatilia mimi mwenyewe."

Daniel alikuwa anafunga kamba za viatu, zile ambazo mahabusu hunyang'anywa. Hakuinua kichwa.

"Mlinichukua mchana, madam. Mtaa wote ukiwa pale."

"Ndiyo."

"Sasa mnaniachilia jioni, hakuna mtu."

"Kesho mchana nitakuja mferejini. Watu wakiwa kwenye foleni. Nitayasema haya haya, kwa sauti."

"Njoo na huyo sajini," Muthoki alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Kisha akamwona Norah, ameketi nyuma ya kaunta kati ya askari wawili, na akaelewa. Alimtazama kwa muda. Norah hakuweza kumtazama. Miaka mingi walikuwa wamesukana nywele, wamesaidiana katika uzazi na misiba, na sasa mmoja alikuwa anahesabu vigae vya sakafu kwa macho.

Mlango ulifunguliwa. Mwanamume mrefu aliingia, buti za mpira miguuni, shati limeingia rangi ya majivu. Harufu ya moshi iliingia naye. Alisimama mbali na kaunta, kama aliyezoea watu wasimsogelee.

"Nimesikia mama mmoja ameletwa hapa," alimwambia Njogu. "Norah Aluoch. Nataka kumwekea dhamana."

Njogu alichukua kalamu. "Wewe ni nani wake?"

Yule mwanamume alimtazama Norah. Kisha akamwona Muthoki, akamwona Daniel, watu wa mtaa ule ule, na macho yake yakashuka kwenye buti zake.

"Mimi si mtu wake, Afande," alisema. "Namjua tu. Huwa ananisaidia chakula."

Njogu alianza kuandika.

"Usiandike hivyo," Norah alisema.

Aliinuka. Askari mmoja akamshika bega, Syombua akatikisa kichwa, akamwachia. Norah alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Huyo ni mwanangu. Anaitwa Sylvance Owino. Ni mtoto wangu wa kwanza. Anaokota taka Dandora. Andika hivyo, yote."

Sylvance alikuwa anafuta viganja kwenye suruali, anafuta tena, kabla hajathubutu kuipokea kalamu. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa. Kisha akabaki amesimama, hajui pa kujiweka.

Muthoki alisogea kwenye benchi. Kwa Norah hakugeuka, na siku hiyo hakugeuka kabisa. Alipiga kiganja penye nafasi iliyobaki kando yake.

"Keti, mwanangu," alimwambia Sylvance. "Umetoka mbali."